Spana, mota, miale ya kupangwa au miale huru: mnara wako unahitaji ipi?

Mnara wa simu uliopangwa vizuri mwaka 2019 si lazima uwe umepangwa vizuri leo. Jirani kajenga ghorofa sita mbele ya sekta (upande mmoja wa mnara) ya pili, barabara imepanuliwa, soko limehamishwa, na watu waliokuwa wakipiga simu na kutuma meseji sasa wanaangalia video hadi saa saba usiku. Antena yenyewe bado imetazama kulekule ilikoelekezwa na fundi siku ya kwanza.

Njia za kuifanya ifuate hali halisi ni nne, na bei zake zimepishana sana. Kuna kuiinamisha kwa spana, kuna kuiinamisha kwa mota (RET), kuna seti za miale zilizopangwa tayari ndani ya antena za 5G, na kuna miale huru inayoundwa upya kwa kila simu kila baada ya milisekunde kadhaa. Muuzaji atakwambia hiyo ya nne ndiyo bora kwa kuwa ndiyo mpya. Mimi naanzia kwingine: kitu kinachobadilika kwenye eneo lako kinabadilika kwa kasi gani, na wewe una uwezo wa kukipima kwa kasi gani? Ukipima polepole kuliko mabadiliko yenyewe, unafyatulia ndege tawi aliloliacha zamani. Ukipima haraka kuliko inavyohitajika, unalipia leseni na umeme usio na kazi.

Hesabu zote hapa chini ni za kalamu na karatasi, unaweza kuzirudia kwa vipimo vya saiti yako.

Spana na mota

Kuinamisha antena kwa spana ni rahisi ukiangalia bei ya vifaa, na ni ghali ukiangalia bei ya safari. Kila digrii moja ni gari, mafuta, kibali cha kuingia saiti, fundi mwenye mkanda wa usalama na siku nzima ya kazi. Pia ina tabia ambayo wengi huisahau: mwale wa mbele unashuka, wa nyuma unainuka, na pembeni kabisa, digrii 90 kutoka mbele, haubadiliki hata kidogo. Ukiendelea kuinamisha, umbo la sekta linabanwa mbele na kutanuka mabegani, na mabega hayo yanaingia kwa sekta jirani. Kwa hiyo mnara unaoinamishwa sana kwa spana mjini huwa unahamisha tatizo tu.

Mota hufanya kazi tofauti. Antena yenyewe haisogei. Ndani yake kuna vipande vinavyoteleza na kuchelewesha mawimbi kidogo kwa kila safu ya elementi, mwale ukashuka sawasawa mbele, pembeni na nyuma. Amri zinakwenda kwa itifaki ya AISG kupitia kebo nyembamba, kwa kawaida kwa kasi ya kilobiti 9.6 kwa sekunde. Ni kasi ndogo ya kuchekesha kwa kifaa kilichofungwa kwenye mnara wa 5G, lakini kwa kazi ya kusogeza kijiti inatosha na kubaki.

Digrii chache ni kitu kikubwa. Chukua antena iliyo mita 30 juu, yenye mwale wa wima wa digrii 7. Ukiinamisha digrii 4, katikati ya mwale panagusa ardhi mita 430 hivi kutoka mnarani, na ukingo wake wa juu, pale nguvu inapokuwa imepungua kwa nusu, unafika kilomita 3.4. Ukiinamisha digrii 7, katikati panakuwa mita 245 na ukingo wa juu mita 490. Digrii tatu zimekutoa kwenye kilomita tatu na zaidi, zikakuleta kwenye nusu kilomita. Mjini, mnara wenye jirani yake mita 600 mbele ukiachwa kwenye digrii 4 unapiga kelele juu ya vichwa vya minara mingine minne.

Hapo ndipo mtu anapojifunza kutoiamini kompyuta peke yake. Chini ya antena ya RET kuna kijiti chenye alama za digrii ndani ya kifuniko cha plastiki angavu; kinatoka na kuingia mwinamo unapobadilika. Ofisini mfumo unaonyesha nne. Unampigia fundi aliye juu:

"Kaka, kijiti kinasoma ngapi?"

"Saba, bosi. Na hii konekta ya AISG ina maji."

Mota iliyokwama, au iliyofungwa bila kusawazishwa upya baada ya kubadilishwa, inaweza kudanganya mfumo kwa miezi. Kabla hujanunua programu yoyote ya kuzirekebisha antena zenyewe kwa zenyewe, tafuta kwanza kama mwinamo ulioandikwa kwenye hifadhidata ndio ulioko mnarani. Mtandao ambao haujafanyiwa ukaguzi huo haujafika mahali pa kulinganisha njia ya tatu na ya nne.

RET inafaa kwa mabadiliko yanayochukua saa hadi misimu. Umeme umekatika, betri za mnara wa jirani zimekwisha: unainua minara mitatu inayouzunguka digrii mbili au tatu, watu wanapata walau sauti na meseji, na mnara ukirudi unashusha tena. Maonyesho ya Sabasaba yanaanza mwishoni mwa Juni: unaandaa mwinamo wa wiki mbili. Mvua za masika zimefunga majani kwenye miti, na majani mabichi yenye maji yanakula mawimbi ya 3.5 GHz kuliko matawi makavu: unarekebisha mara moja kwa msimu. Lakini mota si ya kuchezeshwa kila saa. Ni kifaa chenye sehemu zinazosuguana, kiko juu kwenye jua na chumvi.

Dosari yake nyingine ni ya kugawana. Kama 2G na 4G zote zinatumia 1800 MHz kupitia mlango mmoja wa antena, zina mwinamo mmoja. Ukiushusha kupunguza mwingiliano wa 4G, mama wa kijiji cha pembeni mwenye simu ya tochi anapoteza mtandao na wewe huoni, kwa sababu ripoti uliyoifungua ni ya 4G.

Seti za miale zilizopangwa

Kwenye 5G antena haitoi mwale mmoja mpana wa kutangaza. Inatangaza kwa zamu, mwale baada ya mwale, kwa vifurushi vinavyoitwa SSB. Viwango vya 3GPP, muungano unaoandika kanuni za mitandao ya simu, vinaruhusu miale 4 kwa masafa yaliyo chini ya 3 GHz na 8 kwa yaliyo kati ya 3 na 6 GHz. Zamu nzima hukamilika ndani ya milisekunde 5, na simu inayotafuta mtandao kwa mara ya kwanza huchukulia kwamba zamu inarudiwa kila milisekunde 20. Simu inasikiliza, inachagua mwale unaosikika vizuri, inaingilia hapo.

Watu huogopa kwamba miale minane inakula nafasi ya data. Piga hesabu. Kwenye kanali ya MHz 100 yenye bloku (vipande vya masafa) 273, SSB nane, kila moja alama (vipande vya muda) 4 kwa bloku 20, ni sehemu 640 kati ya 152,880 kila milisekunde 20. Haifiki nusu ya asilimia moja. Kama antena yako ni ya kidijitali kamili, inayoweza kuzungumza pande kadhaa kwa wakati mmoja, hofu hiyo iache. Antena za masafa ya juu sana, 26 GHz na kuendelea, kwa kawaida huelekea upande mmoja tu kwa wakati, na huko hesabu inageuka. Huku kwetu huo si mjadala wa leo.

Kinachobadilishwa hapa ni umbo la seti. Watengenezaji kadhaa wanatoa maumbo zaidi ya kumi yaliyo tayari: seti pana ya digrii 110 kwa usawa na 6 kwa wima, kwa mtaa wa nyumba za chini, seti nyembamba ya digrii 65 au 45, na seti ndefu inayofika digrii 25 kwa wima, kwa ajili ya maghorofa. Unabadilisha kwa amri, bila kugusa mnara. Nguvu yake iko kwenye wima: RET inaushusha au kuuinua mwale mmoja mzima, wakati seti ya miale inaweza kuweka mmoja chini barabarani na mwingine ghorofa ya nane kwa pamoja.

Lakini usidhani ni swichi ya taa. Kwenye baadhi ya mifumo, kubadilisha seti kunailazimu seli kufungwa na kufunguliwa tena, kwa hiyo ratiba ya "asubuhi seti hii, jioni seti ile" maana yake ni kuwakata watu mara mbili kwa siku. Uliza kabla. Na kama 5G yako ni ya NSA, yaani inayoegemea 4G, seti mpya inaweza kupeleka 5G mahali ambapo 4G ya kuishikilia haifiki, kwa kuwa 4G iko kwenye antena nyingine yenye mwinamo wake. Hapo ramani inakuwa nzuri na wateja hawaoni chochote kipya.

Miale huru

Hii ndiyo inayoonyeshwa kwenye matangazo: paneli yenye njia 64 za kutuma na 64 za kupokea, mwale unamfuata kila mtu. Inavyofanya kazi ni hivi. Kwenye TDD, simu na mnara wanapokezana masafa yaleyale. Simu inatuma alama ya kipimo, SRS. Mnara unaipokea kwa njia zote 64, unaona imefikaje kwenye kila moja, kisha unatuma data kwa mpangilio uleule uliogeuzwa. Njia ya kwenda na ya kurudi zinafanana, kwa hiyo mnara hauhitaji simu iueleze chochote. Unajua mwenyewe. Na ukiwajua wateja kadhaa kwa wakati mmoja, unaweza kuwapa wote masafa yaleyale kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye mwale wake.

Ikifanya kazi, hakuna kinachoifikia. Swali ni lini inafanya kazi.

Kwanza, kasi. Kwa 3.5 GHz urefu wa wimbi ni sentimita 8.6. Kipimo cha SRS kinaanza kuchacha simu ikisogea nusu ya hapo, sentimita 4.3. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa anachukua milisekunde 39 kusogea hivyo. Mnara ukipima kila milisekunde 20, uko mbele yake. Basi la kilomita 100 kwa saa linasogea hivyo ndani ya milisekunde 1.5. Treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inakimbia kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma kwa hadi kilomita 160 kwa saa, ni milisekunde moja tu. Kati ya kipimo kimoja na kingine, basi limesogea nusu mita na zaidi, yaani mawimbi sita na nusu. Mwale uliojengwa juu ya kipimo kile hauna tena uhusiano na simu iliyomo ndani.

Sasa angalia kinachotokea kwenye seti za miale kwa basi lilelile. Nusu mita hiyo, kwa mtu aliye mita 300 kutoka mnarani, ni sehemu ya kumi ya digrii. Mwelekeo haujabadilika. Ukigawa digrii 110 kwa miale minane, kila mmoja ni digrii 14 hivi. Mita 200 kutoka mnarani huo ni upana wa mita 49, na basi linalipita eneo hilo kwa sekunde 1.8. Treni, kwa sekunde 1.1. Simu ina muda wa kutosha kabisa kuripoti mwale unaoifaa. Teknolojia ya bei ndogo inashinda barabarani kwa sababu inategemea mwelekeo, ambao hubadilika taratibu, na haitegemei fezi, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake, ambayo hubadilika kufumba na kufumbua. Sijaona jambo hili likiandikwa kwenye brosha yoyote ya mauzo.

Pili, nguvu ya simu. Mnara unatuma wati 200 au zaidi kwa sekta. Simu inatuma wati 0.2, baadhi 0.4. Mtu aliye ukingoni mwa seli au nyuma ya kuta mbili za tofali anaisikia sauti ya mnara, lakini SRS yake inafika imezama kwenye kelele. Mnara unapima kelele, unajenga mwale mwembamba kuelekea kusikojulikana. Mifumo mizuri inaligundua hilo na kumrudisha mtu huyo kwenye njia ya zamani, ambapo simu inachagua mwale kutoka kwenye kitabu cha miale na kumwambia mnara namba yake. Mifumo isiyo mizuri inang'ang'ania. Kwa hiyo aliye mbali, ambaye ndiye hasa ulikuwa unataka kumsaidia, ndiye anayefaidika kidogo zaidi.

Tatu, FDD. Masafa ya 700, 900 na 1800 MHz hutumia njia moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na njia hizo hazifanani vya kutosha kwa kazi hii. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliponadi masafa Oktoba 2022, 700 na 3500 MHz zilikuwa kwenye mnada mmoja, lakini kwa mhandisi wa miale ni dunia mbili. Miale huru ya SRS ni ya 3500. Usiiweke kwenye mpango wa vijijini wa 700.

Nne, umeme. Redio ya njia 64 ikiwa na mzigo inaweza kula kama kilowati moja. Sekta tatu, kilowati tatu. Kwenye mfumo wa volti 48 hiyo ni ampea 62 za ziada. Betri za Ah 150 zilizokuwa zikikuvusha usiku mzima zinabaki na saa mbili na nusu hata kabla hujaweka mzigo mwingine. Umeme ukikatika jioni, jenereta inaanza kunguruma mapema, na hiyo dizeli hauilipi mara moja, unailipa miaka yote ya mnara.

Kwa mwenye kutaka kuona kwa jicho moja:

| Njia | Hufuata mabadiliko ya | Hutegemea | Hushindwa |
|---|---|---|---|
| Spana | miaka | safari ya fundi | mjini, minara ikisongamana |
| RET | saa, siku, misimu | hifadhidata ya kweli na mota nzima | mzigo ukihama ndani ya dakika |
| Seti za miale | mwelekeo wa mtu, sekunde | ripoti ya simu | watu wengi ndani ya mwale mmoja |
| Miale huru | fezi ya njia, milisekunde | SRS yenye nguvu, TDD | kasi kubwa, ukingo wa seli, FDD |

Nani aamue

Kuwa na antena inayobadilika si sawa na kujua lini uibadilishe. Kuna ratiba, kuna kanuni, na kuna programu inayojifunza.

Ratiba haina sifa lakini inalipa. Kariakoo hujaa mchana na kupoa usiku, wakati Mbagala hujaa usiku. Hilo halihitaji akili bandia, linahitaji jedwali lenye saa. Kanuni ni hatua inayofuata: seli ikizidi kiwango fulani cha mzigo na jirani yake ikiwa na nafasi, shusha digrii moja, subiri, pima. Neno kubwa hapo ni subiri. Linganisha Jumanne na Jumanne, usilinganishe Jumanne na Jumapili, la sivyo utasifia mwinamo kwa kazi iliyofanywa na kalenda.

Programu inayojifunza ina nafasi yake pale seli zinapokuwa nyingi na kila badiliko la moja linawagusa majirani sita. Kwenye mfumo wa O-RAN, muungano ulioanzishwa 2018, kazi hii iko kwenye RIC, yaani programu za kuongoza redio za minara, za aina mbili: moja hufanya maamuzi ya zaidi ya sekunde moja, nyingine ya kati ya milisekunde 10 na sekunde moja. Angalia tena zile namba za basi. Miale huru inaishi chini ya milisekunde 10, kwa hiyo hakuna RIC inayoiendesha moja kwa moja. Hiyo inabaki ndani ya mnara. RIC inachagua seti, mwinamo na sera. Mtu akikuuzia RIC kwa ahadi ya kumfuata kila mteja kwa mwale wake, mwombe arudie polepole.

Kingine cha kukitazama ni jinsi inavyojifunza. Ili ijue digrii 9 ni mbaya, lazima siku moja iijaribu, na majaribio hayo yanafanywa juu ya wateja wako. Iwekee mipaka: hatua ya digrii moja kwa mara moja, kiwango cha chini na cha juu, na kurudi ilikotoka simu zikianza kukatika.

Eneo kwa eneo

Kariakoo na mitaa ya maghorofa: hapa nitatoa hela ya paneli ya njia 64. Watu wanatembea kwa miguu au wamekaa dukani, mnara uko karibu hivyo SRS inafika na nguvu, TDD ipo, na wateja wako ghorofa tofauti kiasi kwamba wanaweza kutenganishwa kwa wima. Anza na seti ya digrii 25 ya wima kwa matangazo, miale huru kwa data. Sharti moja: hesabu kwanza simu za 5G zinazoonekana kwa wakati mmoja. Faida ya kuwapa watu wengi masafa yaleyale haipo kama kwa wastani wako wawili. Simu zikiwa chache, njia 32 zinatosha na betri zitakushukuru.

Ruta za 5G za majumbani, popote zilipo, ni mteja bora kabisa wa miale huru. Ruta imekaa dirishani, haisogei, imeunganishwa kwenye umeme.

Barabara kuu na reli: seti za miale. Nyembamba kwa wima, na minara ikae kando ya njia kwa nafasi inayozipa simu muda wa kubadili. Behewa la chuma litakula nguvu nyingi kuliko tofauti yoyote utakayoipata kwa kuchezea algoriti, kwa hiyo hela iliyobaki ipeleke kwenye idadi ya minara.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000, Simba na Yanga: hapa nitawaudhi wengine. Nisingeanza na miale huru. Ni siku chache kwa mwaka, watu wanajulikana wamekaa wapi hadi safu ya viti, na wengi wao wako kwenye simu za 4G. Antena zisizobadilika zenye miale mingi myembamba, kila mwale ukiwa sekta yake juu ya kipande chake cha jukwaa, zinafanya kazi kubwa kuliko paneli moja ya kifahari nje ya ukuta. Mabadiliko pekee ya kweli ni mapumziko, watu wanapohamia kwenye vibanda na vyoo, na hilo linamalizwa na kugawana mzigo kati ya sekta.

Vijijini: RET kama antena mpya ina mota tayari, spana kama haina. Kinachokupa umbali kule ni urefu wa mnara na masafa ya chini.

Pwani na visiwani kuna jambo ambalo wapangaji wa bara hawalioni. Juu ya bahari yenye joto, hewa yenye unyevu mwingi wakati mwingine huyanasa mawimbi na kuyapeleka mbali kupita mviringo wa dunia. Minara miwili ya mita 30 kwa kawaida inaonana kwa redio hadi kilomita 45 hivi, na Dar es Salaam na Unguja mjini zimetengana zaidi ya kilomita 70, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna tatizo. Hewa ikibadilika, lipo. Kwenye TDD ya kHz 30, kila alama moja ya muda wa kinga (kimya kati ya kutuma na kusikiliza) inalingana na kilomita 10.7, ukiweka nne una kinga ya kilomita 43. Mawimbi ya kilomita 70 yanafika umeshaanza kusikiliza simu zako, na yanatua juu ya SRS. Yaani yanaharibu kile kipimo hasa ambacho miale huru inakitegemea. Kwa sekta zinazotazama bahari nachagua seti za miale zilizoshushwa, hakuna mwale wa kutangaza juu ya mstari wa maji, na naongeza muda wa kinga kabla ya kuongeza njia za antena.

Kabla ya kusaini

Mwombe muuzaji akujibu kwa maandishi. SRS inapimwa kila milisekunde ngapi seli ikiwa na simu 10 zinazofanya kazi, na ngapi ikiwa na 200? Wengi hutoa ile ya kwanza tu, na wateja wakiongezeka kipimo hulazimika kupungua kwa kuwa nafasi ya SRS ni ya kugawana. Simu dhaifu inarudishwa kwenye kitabu cha miale kwa kigezo gani, na nani anakiweka? Kubadilisha seti kunafunga seli au hakufungi? Leseni ya miale inalipwa kwa sekta, kwa mwaka, au kwa kila umbo la seti? Na redio inakula wati ngapi saa tisa usiku ikiwa haina mteja hata mmoja, maana hapo ndipo utajua kama inaweza kuzima sehemu ya njia zake au inakaa macho yote 64 ikisubiri asubuhi.